Prosesa kuingia kwenye soketi si ithibati kwamba itafanya kazi

WATU wengi wanaojiundia tarakilishi ya mezani kwa mara ya kwanza huongozwa na imani moja: kwamba kipande kikiingia mahali pake bila kulazimishwa, basi kimefaa. Imani hiyo huwa kweli kwa skrubu. Kwa prosesa, bodi mama na kumbukumbu ya RAM, imewatia wengi hasarani.

Hasara yenyewe si ndogo. Vipande hivyo vitatu ndivyo hula sehemu kubwa ya fedha za mtu anayeunda mashine ya kawaida ya ofisi au ya masomo. Katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwingineko nchini, vingi huuzwa vikiwa vimekwisha kutumika ng'ambo, bila kisanduku wala kijitabu cha maelekezo, na mara nyingi risiti hubeba onyo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Anayegundua kosa akiwa nyumbani hana pa kulilia.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye bodi mama ya chipseti H110 na prosesa ya Core i3-6100. Mashine imeanza kumlemea, naye anapata Core i5-8400 kwa bei nafuu. Anauliza soketi, anaambiwa ni LGA1151, sawa kabisa na ya bodi yake. Anaichukua, anaipachika, inaketi barabara, na wenzo wa kuibana unafunga bila shida. Anawasha umeme. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Anakata shauri kwamba ameuziwa prosesa mbovu, kumbe prosesa ni nzima na bodi ni nzima. Haziwezi tu kufanya kazi pamoja.

Chanzo cha utata huo ni uamuzi wa kampuni ya Intel. Soketi ya LGA1151 ilizinduliwa mwaka wa 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha sita, na kizazi cha saba kikaitumia vilevile. Kizazi cha nane kilipotolewa kwa tarakilishi za mezani mnamo Oktoba 2017, jina la soketi halikubadilika, wala idadi ya pini, ambazo ni 1,151. Kilichobadilika ni kazi ya baadhi ya pini hizo: Intel iliongeza zile za kupitishia umeme, kwa maelezo kwamba prosesa mpya zilikuwa na viini hadi sita badala ya vinne, kisha ikaagiza kwamba zitumike na bodi za chipseti za mfululizo wa 300 pekee, kama H310, B360 na Z370. Bodi za mfululizo wa 100 na 200 zikaachwa nje. Kinyume chake pia ni kweli: prosesa ya kizazi cha sita au cha saba haiwashi bodi ya H310. Wapo mafundi wa ng'ambo waliofaulu kuvunja kizuizi hicho kwa kuchezea programu ya bodi na kuziba baadhi ya vigusio, lakini huo ni mchezo wa mtu mwenye bodi za kuharibu.

Kisa hicho chaonyesha kwamba kuna makufuli matatu kati ya prosesa na bodi, si moja. La kwanza ni soketi, ambalo huonekana kwa macho. La pili ni chipseti, yaani saketi inayosimamia mawasiliano ya bodi na ambayo jina lake hutokea katika jina la bodi yenyewe. La tatu, ambalo husahaulika kuliko yote, ni BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi na ambayo huamka kabla ya Windows au mfumo mwingine wowote. BIOS isipoitambua prosesa, mashine haiwaki hata kama soketi na chipseti zimekubali.

Mfano mzuri wa kufuli hili la tatu ni soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD. Soketi hiyo ilipokea prosesa za Ryzen kuanzia zile za mfululizo wa 1000 za mwaka wa 2017 hadi za mfululizo wa 5000, jambo ambalo limewafaa sana wanunuzi wa kipato cha chini. Lakini kila kizazi kipya kilihitaji BIOS mpya. Mnamo Mei 2020 AMD ilikuwa imetangaza kwamba bodi za chipseti B450 na X470 hazingepokea kizazi kilichokuwa njiani, na sababu mojawapo ilikuwa ufinyu wa kijisehemu kinachohifadhi BIOS, ambacho kwenye bodi nyingi kilikuwa cha megabaiti 16 tu. Wateja walilalamika, na mwezi huohuo kampuni ikageuza msimamo. Ndiyo maana bodi ya B450 inaweza leo kuendesha Ryzen 5 5600 bila taabu, ilhali bodi pacha wake iliyokaa rafuni tangu 2018 haitaitambua kamwe hadi BIOS yake ibadilishwe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ili kubadilisha BIOS, mara nyingi mashine yapasa kuwa imewaka, na ili iwake inahitaji prosesa ya zamani ambayo mnunuzi hana. Baadhi ya bodi zina kitufe maalumu kinachowezesha BIOS kusomwa kutoka kwa diski ya USB hata kama soketi iko tupu. Isiyo na kitufe hicho ni heri muuzaji aiandae dukani kabla ya malipo kukamilika. Na anayeifanya kazi hiyo mwenyewe asiifanye bila betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya shughuli, bodi yaweza kufa isifufuke.

Njia ya kujua haya yote mapema ipo, tena haina gharama. Jina kamili la bodi huchapishwa kwenye bodi yenyewe, aghalabu kati ya nafasi za kadi au karibu na soketi, pamoja na nambari ya toleo. ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock huweka katika tovuti zao ukurasa wa kila bodi, na ndani yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Mkabala na kila prosesa huandikwa BIOS ya chini kabisa inayohitajika. Hiyo orodha ndiyo ya kuaminiwa kuliko neno la muuzaji, kuliko tangazo la mtandaoni na kuliko jina la soketi. Nambari ya toleo nayo isipuuzwe, kwani bodi mbili zenye jina moja na matoleo tofauti huweza kuwa na orodha tofauti. Mashine ikiwa inawaka, programu ya bure ya CPU-Z huonyesha jina la bodi, BIOS iliyopo na aina ya RAM kwa dakika moja.

RAM ina mitego yake. Vizazi vyake haviingiliani: DDR3 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2007 hutumia volti 1.5, DDR4 iliyofuata mwaka wa 2014 hutumia 1.2, na DDR5, ambayo viwango vyake vilichapishwa mwaka wa 2020, hutumia 1.1. Vijiti vya DDR4 na DDR5 vya tarakilishi ya mezani vina vigusio 288 kila kimoja na kwa mbali vyaonekana mapacha, ila pengo dogo lililokatwa ukingoni haliko mahali pamoja. Kijiti kikikataa kuingia, si cha kusukumwa kwa nguvu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba jina la prosesa pekee halitoshi kujua RAM itakayohitajika. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zilikubali DDR4 na pia DDR3L, ile DDR3 ya volti 1.35, hivyo bodi mbili za H110 huweza kutaka RAM tofauti. Hali hiyo ilijirudia kwa soketi ya LGA1700 iliyokuja mwaka wa 2021: kizazi cha 12, cha 13 na cha 14 hufanya kazi na DDR4 au DDR5, lakini bodi hujengwa kwa mojawapo, na kwa kawaida ile ya DDR4 huongezewa D4 au DDR4 mwishoni mwa jina lake. Kwa AMD mambo ni rahisi zaidi. AM4 ni DDR4, na AM5 ya mwaka wa 2022 ni DDR5 pekee.

Zaidi ya kizazi, kibandiko cha RAM kinastahili kusomwa herufi kwa herufi. Kijiti kilichoandikwa PC3-12800U ni DDR3 ya kasi ya 1600. Tarakimu 12800 ni megabaiti kwa sekunde, nazo zikigawanywa kwa nane hutoa kasi hiyo. Herufi U humaanisha ni cha tarakilishi ya kawaida ya mezani, na S kwamba ni kile kifupi cha kipakatalishi. Herufi ya kuogopwa ni R, kwani hiyo ni RAM ya seva. Vijiti hivyo hufurika sokoni pindi vituo vya data vinapobadilisha mitambo, navyo huuzwa kwa bei ya kutamanisha, gigabaiti 16 kwa pesa za 8. Vinaingia kwenye nafasi ya DDR3 au DDR4 bila upinzani, kisha mashine haiwaki. Isitoshe, kuna DDR3 za bei ya chini zinazouzwa mitandaoni zikiwa zimeandikwa kwamba ni za AMD tu, na mwenye bodi ya Intel asizichukulie kama mzaha wa tangazo.

Kuhusu kasi, hofu si kubwa. Vijiti vya kasi tofauti kwa kawaida huelewana kwa kufuata kasi ya kile kilicho pole zaidi, na RAM ya 3200 kwenye bodi ya H110 itatembea kwa mwendo ambao prosesa inauruhusu. Kosa hapo ni kulipia kasi isiyoweza kutumika. Ni afadhali fedha hizo zinunue vijiti viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa, kwa kuwa viwili hufungua njia mbili za mawasiliano na prosesa. Kikomo cha bodi nacho kiangaliwe: H61 na H81, ambazo bado zimejaa mitaani, hazivuki gigabaiti 16.

Kuna herufi moja zaidi ya kutazama, safari hii kwenye prosesa. Core i5-12400F haina kitengo cha picha ndani yake, lakini 12400 inacho. Ryzen 5 5600 haina, 5600G inacho. Anayenunua isiyo nacho bila kadi ya picha atakutana na skrini nyeusi ileile ya mwanafunzi wa H110, ingawa kila kitu kimepatana.

Wanaopenda kubomoa mashine za ofisi zilizotumika ili kupata vipande vya bei nafuu wawe waangalifu maradufu. Bodi za mashine hizo hazikujengwa kwa ajili ya kuhamishwa. Bodi ya Dell OptiPlex 3020, kwa mfano, hupokea umeme kupitia kiunganishi cha pini nane badala ya kile cha kawaida cha pini 24, na BIOS za mashine za aina hiyo hutambua prosesa ambazo mtengenezaji alikusudia tu. Kuiongezea RAM mashine ya namna hiyo ni jambo jema. Kuing'oa bodi yake ili ijengewe kasha jipya ni kujitafutia kazi.

Mwanafunzi wa mfano angefanyaje basi? Orodha ya bodi yake ingemwelekeza kwa Core i5-7500 au Core i7-7700, ambazo H110 huzikubali BIOS ikiwa mpya. Lakini Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi huanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, isipokuwa chache za kabla yake, na Ryzen za mfululizo wa 2000. Ikiwa atatumia Linux, i7 hiyo kuukuu itamtosha kwa miaka kadhaa. Ikiwa ni lazima atumie Windows, ni heri aichukue ile i5-8400 pamoja na bodi ya H310 au B360, kisha ahamishie hapo RAM yake ya DDR4, mradi orodha ya bodi mpya imeitaja prosesa hiyo.

Vyovyote atakavyochagua, vipande vijaribiwe mbele yake kabla ya pesa kutoka mfukoni. Soketi imulikwe kwa tochi ya simu, kwa sababu kwenye bodi za Intel pini ziko kwenye bodi na mojawapo ikipinda huweza kuizuia mashine kuona kijiti kimoja cha RAM huku kila kitu kingine kikifanya kazi. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa. Mashine ikiwaka, aingie kwenye BIOS, asome jina la prosesa na idadi ya gigabaiti, kisha alinganishe na alivyoahidiwa. Kwa mwenye AM5, kuwasha kwa mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, kwani bodi huwa inaipima RAM mpya. Wapo waliozima umeme katikati ya zoezi hilo, wakafungua kila skrubu na kuanza upya, ilhali mashine haikuwa na kasoro yoyote.