Mbwa Akiugua Ghafla: Maswali Kwanza, Dawa Baadaye

Familia ya askari haikai sana mahali pamoja. Leo iko Jinja, mwakani iko Soroti, na barua ya uhamisho ikifika huenda ikajikuta Dadamu, pembeni mwa mji wa Arua, ambako Kilugbara ndicho husikika uani na Kiswahili ndicho huwakutanisha wageni na wenyeji. Vyombo hufungwa, watoto huhesabiwa, kuku hutiwa tengani, na mbwa naye hupandishwa lori. Baada ya wiki moja mama wa nyumba amekwisha kujua kisima kilipo, njia ya sokoni, na shule iliyo karibu. Jambo ambalo hakuna amwambiaye ni hili: mnyama wake akiugua usiku, amwulize nani.

Kwa kuwa hajui, humwuliza kila mtu. Na kwa kuwa majirani ni watu wema, kila mtu humjibu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja kama hiyo. Ni jioni, baba yuko zamu. Mbwa hakugusa chakula tangu asubuhi. Sasa amelala chini ya mwembe, taya lake la chini limelegea, mate yanamtoka kama uzi, na maji aliyowekewa anayatia mdomo lakini hayapiti. Hata sauti yake imegeuka, imekuwa ya kukwaruza. Jana nyumba ilipika nyama. Mama anapaza sauti: “Jamani nisaidieni, mbwa amekwamwa na mfupa kooni!”

Kabla jua halijazama ua umejaa. Jirani wa kwanza anashauri mbwa anyweshwe mafuta ya kupikia ili mfupa uteleze. Wa pili anataka maji ya chumvi apate kutapika. Wa tatu amekwenda mbio nyumbani kuleta vidonge vya maumivu, vile ameavyo yeye mwenyewe akiumwa kichwa. Kijana mmoja hodari amekwisha kukunja mkono wa shati. Yu tayari kutia vidole kinywani autoe huo mfupa. Majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Katika ua huo anakaa mzee mmoja, koplo mstaafu. Anasogea polepole, anasema, “Mwanangu, ondoa mkono huo.” Kisha anamgeukia mgeni. “Mama, pole kwanza. Mbwa huyu alichanjwa lini?” Mama anajibu kwamba kadi ilipotea wakati wa kuhama, na kwa kweli hakumbuki kama alichanjwa. “Amepata kupigana na mbwa mwingine?” Ndiyo, yapata miezi miwili iliyopita, kabla ya kuhama, alirudi na jeraha sikioni. “Na leo nani amemshika?” Hapo mama ananyamaza. Mtoto wake wa miaka saba alimlisha uji kwa mkono asubuhi. Mbwa alimlamba, na mkono wa mtoto ulikuwa na mikwaruzo ya miiba.

Tangu dakika hiyo jambo si la mfupa tena, wala si la mbwa. Ni la mtoto.

KICHAA KISICHO NA KELELE

Watu wengi wanakijua kichaa cha mbwa kwa sura moja tu: mbwa mkali mwenye macho mekundu, akimbiaye barabarani akiuma kila kitu. Sura hiyo ipo. Lakini iko nyingine, ya kimya, na hiyo ndiyo iwadanganyayo watu wema. Virusi vya ugonjwa huu hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Misuli ya koo na ya taya hupooza. Mnyama hushindwa kufunga kinywa, hushindwa kumeza, na mate ambayo angeyameza yanamwagika. Kwa mtu atazamaye kwa mbali, ni mnyama aliyekwamwa na kitu. Ndiyo sababu mkono wa msaada hutiwa mahali penyewe ambapo virusi vimejaa, yaani katika mate. Ng’ombe na mbuzi nao hupatwa, na mchungaji humpanua ng’ombe kinywa kwa nia ileile njema.

Ni kweli kwamba mifupa hukwama. Mbwa wa namna hiyo kwa kawaida huanza ghafla wakati wa kula au mara baadaye, hujikuna mdomo kwa miguu ya mbele, huhangaika. Hata hivyo mtu asiye na ujuzi hawezi kuapa kwa macho tu, na gharama ya kukosea si sawa kwa pande zote mbili. Aliyekwamwa na mfupa mara nyingi anaweza kusubiri mtaalamu. Mtu aliyeambukizwa kichaa, dalili zikianza kuonekana, karibu kamwe haponi.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa. Na hii si kwa sababu dawa ya kuuzuia haijulikani. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mnamo Julai 1885, na mtoto huyo akaishi. Tangu siku hiyo imepita zaidi ya karne moja, na bado kuna nyumba ambamo pilipili, mafuta au jiwe jeusi huwekwa kwenye jeraha kabla ya sabuni.

SABUNI, KISHA BARABARA YA HOSPITALI

Mzee wetu hakumpa mbwa kitu. Alimpeleka mtoto kwenye maji. Jeraha lililoumwa, kukwaruzwa au kulambwa lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda usiopungua dakika 15. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto atalia na mama atataka kuacha baada ya dakika mbili. Asiache. Sabuni huvunja ganda la mafuta lililovizunguka virusi hivyo, nayo ni dawa iliyomo katika kila nyumba. Jeraha lisifungwe kwa kukazwa, wala lisipakwe majani, vumbi au mafuta ya gari.

Baada ya hapo ni hospitali bila kusubiri. Kwa mkaaji wa Dadamu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua iko karibu. Kwa mkaaji wa Koboko kuna hospitali ya wilaya. Sindano za kinga si moja. Mganga huandika tarehe za kurudi, na tarehe hizo ni amri. Ikiwa mate yameingia katika jeraha, kama kwa mtoto wetu, au jeraha ni la kichwani, usoni au mkononi, mganga ataangalia pia haja ya dawa ya kinga ya papo hapo iitwayo imunoglobulini, ambayo hutiwa jerahani penyewe.

Wengine wamesikia kwamba mbwa aliyemwuma mtu hutazamwa siku 10. Wamesikia sawa, ila wengi huelewa vibaya. Siku 10 hizo ni za kumtazama mbwa aliyefungwa mahali salama, si za mtu kukaa nyumbani akingoja. Matibabu ya mtu huanza siku ileile. Mbwa akibaki mzima mpaka siku ya kumi, mganga ndiye atakayesema sindano zisimame. Kumpiga mbwa rungu siku ya kwanza na kumtupa mtoni ni kuitupa habari ambayo mganga angeihitaji.

Tena, mbwa hawasimami kwenye vizuizi vya forodha. Vurra ni mpaka wa Kongo, Oraba ni mpaka wa Sudani Kusini, na mbwa wa huku na wa huko hupigania mfupa mmoja. Kwa hiyo ile hoja ya “mbwa wetu hapa ni wazima” haina uzito.

WEMA UNAOUA

Si kila ugonjwa wa ghafla ni kichaa, na yafaa kusema neno juu ya ule ushauri mwingine uliotolewa uani. Mafuta yakimiminwa katika koo lisilomeza huingia mapafuni. Maji ya chumvi huweza kumtia mnyama sumu ya chumvi. Vidonge vya maumivu vya binadamu ni hatari kubwa: kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka, kwa kuwa mwili wake hauna njia ya kutosha ya kuivunja dawa hiyo, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Oili chafu ya gari, ambayo bado hupakwa mbwa mwenye ukurutu, hupenya katika ngozi na hulambwa, ikamdhuru ndani. Mtoto wa mbwa atapikaye na kuhara damu asitafutiwe dawa ya duka la binadamu. Huenda ni pavo, na saa chache zaweza kumwondoa. Aliyekula sumu ya panya apelekwe kwa mtaalamu pamoja na pakiti yake.

Basi nani ajibu? Askari wa lindo hafungui lango kwa kuwa mtu anabisha kwa nguvu. Kwanza huuliza ni nani na anatoka wapi. Katika kambi au ua wenye nyumba nyingi ni vyema mtu mmoja apewe kazi hiyo, mwanamke au mwanamume, asiyepapatika. Si lazima awe mganga. Kazi yake ni kuwanyamazisha washauri, kuwasogeza watoto, kuuliza mambo machache: dalili zilianza lini, mnyama alikula nini, alichanjwa lini, amemwuma au kumlamba nani. Kisha ampigie simu afisa mifugo wa wilaya au wa tarafa, ambaye namba yake imebandikwa mlangoni kabla ya siku ya hatari, na kumjulisha mwenyekiti wa kijiji. Akiulizwa dawa na asiijue, aseme hajui. Neno hilo “sijui” ni gumu kwa wanaume wengi wenye vyeo, lakini hapa lina thamani kuliko chupa ya mafuta.

Jambo moja zaidi, nalo husahauliwa. Mgeni asikaripiwe. Mama aliyefedheheshwa mbele ya ua mzima kwa kupoteza kadi ya chanjo hatauliza mara ya pili. Atajaribu mwenyewe gizani. Na watoto wanatazama. Mtoto aliyeona mbwa akisababisha ugomvi na fimbo ataficha jino lililompata mguuni, atavaa suruali ndefu, na atasema ni mwiba. Dalili za kichaa kwa binadamu kwa kawaida hutokea baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, wakati ambapo hata mwiba huo umekwisha kusahauliwa.

Katika ule ua wa mfano wetu, mzee alimfungia mbwa ndani ya banda bila kumgusa, akalifunga lango la banda kwa waya. Afisa mifugo alifika asubuhi, akachukua maelezo, akawataka jirani wote wenye mbwa wawalete kuchanjwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama mtaalamu atakavyoagiza. Mbwa alikufa siku ya tatu. Kichwa chake kilichukuliwa na wataalamu kwa uchunguzi, na kiwiliwili kikafukiwa shimoni kirefu, mbali na kisima.

Baba aliporudi kutoka zamu alikuta mtoto akicheza, mkono umefungwa kitambaa chepesi. Kwenye msumari ambapo hutundika kofia yake ya kazi palikuwa na karatasi ya daftari, na juu yake, kwa mwandiko wa mkewe, tarehe za sindano zilizobaki.