Doti, Korija na Moli: Lugha ya Kuhesabu katika Kemia ya Mwanzo

Mwanafunzi anayeanza kemia huonyeshwa mlinganyo wa kabonati ya kalsiamu inayochomwa ikatoa oksidi ya kalsiamu na kaboni dioksidi, kisha huulizwa: gramu 250 za kabonati zitatoa gramu ngapi za oksidi? Wapo wanaojibu 250. Mlinganyo umewaonyesha uwiano wa 1 kwa 1, nao wameuhamishia kwenye gramu.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo si la hesabu. Ubadilishaji wa moli hauhitaji zaidi ya kugawanya na kuzidisha. Kinachokosekana ni kujua kitu gani kinahesabiwa, na hilo ni suala la lugha. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali aliyejifunza hesabu kwa Kiswahili hukutana na moli sekondari kwa Kiingereza, kana kwamba lugha yake haijawahi kuhesabu vitu kwa mafungu.

Imewahi, tena sana. Wafanyabiashara wa nguo wa pwani wanayo korija, yaani vitu 20, na doti, yaani vipande viwili vya kanga. Mteja akiagiza korija ya kanga bila maelezo, muuzaji hana budi kumuuliza: vipande 20, au doti 20, ambazo ni vipande 40? Shaka hiyohiyo imo katika kauli "moli moja ya oksijeni". Moli moja ya atomi za oksijeni ina gramu 16. Moli moja ya molekuli za oksijeni, ambazo kila moja ni mithili ya doti ya atomi, ina gramu 32. Kufanana kwa matamshi ya moli na molekuli huzidisha utata. Kwa hiyo swali lisilotaja chembe zinazohesabiwa ni swali bovu, hata likiwa na jibu nyuma ya kitabu.

Fasili rasmi nayo imeelekea huko. Tangu 1971 moli ilifungamanishwa na idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Moli ni idadi. Mizani huja baadaye, kwa sababu atomi hazihesabiki moja moja. Fundi naye hahesabu misumari dukani, huipima kwa kilo. Msumari mmoja ukiwa na gramu 5, kilo moja ina misumari 200. Kugawanya tungamo la dutu kwa tungamo la moli yake moja ni kuuliza swali la fundi huyo kwa mafungu makubwa zaidi.

Sasa swali la awali linajibika. Moli moja ya kabonati ya kalsiamu ina gramu 100, hivyo gramu 250 ni moli 2.5. Uwiano wa 1 kwa 1 unatumika hapa, na hapa tu: zinapatikana moli 2.5 za oksidi, kila moja gramu 56, jumla gramu 140. Gramu 110 zilizobaki zimekwenda hewani zikiwa kaboni dioksidi. Mchoma chokaa ya matumbawe hashangai, kwani anajua kwamba kinachotoka tanuuni ni chepesi kuliko mawe yaliyoingia.

Mazoezi ya kwanza basi yafaa yawe bila kikokotoo, mwanafunzi akitakiwa kutaja tu kinachohesabiwa. Gramu 36 za maji zinatosha kwa kipindi kizima: ni moli 2 za molekuli, ndani yake mna moli 4 za atomi za haidrojeni na moli 2 za atomi za oksijeni. Akirudi kwenye mizani atapata gramu 4 na gramu 32, na jumla yake itamwambia kama amekosea kabla mwalimu hajafika kwenye dawati lake.