Maji ya Dripu na Watoto wa Muheza

Haya wajukuu zangu wa Isongole, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya kweli tupu, na wahusika wake ni watoto kama ninyi.

Vijidudu vikisambaa mwilini, tuseme kutoka kwenye kidonda au homa ya mapafu, mwili hupigana navyo. Mara nyingine vita hivyo humgeukia mgonjwa mwenyewe. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha hushuka, na damu haifiki vizuri kwenye ubongo wala figo. Ni kama mfereji wa bustani uliobomoka kingo: matuta ya mwisho hukauka. Hali hiyo huitwa mshtuko wa sepsisi, nayo huua upesi.

Mngefanyaje ninyi? Najua mtasema, “Babu, tuongeze maji!” Hata madaktari wengi duniani waliamini hivyo: mtundikie mtoto dripu, maji mengi yaingie haraka.

Mwaka 2009, watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Kenya, waliamua kuipima imani hiyo. Hospitali zilikuwa 6, na ya kwetu ilikuwa Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko waligawanywa kwa kura, ili daktari asichague nani apate nini. Wengine walipewa maji ya haraka, wengine hawakupewa. Wote walitibiwa kwa dawa, na aliyehitaji oksijeni au damu alipewa.

Mapema mwaka 2011, kamati ya usalama ilitazama namba ikashauri utafiti usimame. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 11 walifariki. Kwa wasiopewa, walikuwa 7. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi wa watoto hao wa ziada walikufa kwa sababu moyo na mzunguko wa damu vilishindwa kazi.

Vukeni sasa mpaka pale Tunduma, mwende hadi Lusaka. Katika hospitali kuu ya chuo kikuu, watafiti walipima watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Majibu yalitoka mwaka 2017. Waliopewa maji mengi mapema, pamoja na dawa za kupandisha presha, walifariki karibu nusu. Waliopata matibabu ya kawaida walifariki theluthi moja.

Mwaka 2020, mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto ulikubali: pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi, na presha haijashuka, msimimine maji ya haraka. Dunia ilijifunza kutoka Muheza, Kilifi, na Mbale na Soroti za Uganda.

Msije mkasema dripu ni mbaya. Aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anayahitaji sana. Na mdogo wako akiwa na homa, akihema haraka, mikono ikiwa ya baridi, akisinzia bila kuamka vizuri, mwite mkubwa, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku.

Nanyi mtakaokuwa wauguzi na madaktari, mkiambiwa tiba fulani inafaa kwa kuwa kila mtu anaitumia, ulizeni: imepimwa kwa wagonjwa wa kwetu? Swali hilo limeokoa watoto.