Giza la nani? Juu ya kitabu cha Conrad na mto wetu



Wanafunzi wa madarasa ya juu wameuliza mara nyingi juu ya kitabu cha Joseph Conrad, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Au cœur des ténèbres, maana yake Ndani ya moyo wa giza. Wengine wanasema kitabu hiki kinatukana Kongo, tusikisome. Wengine wanasema hapana, kinatukana wazungu wa Leopold. Wote wako na haki kidogo. Lakini tujue kwanza kilitoka wapi, kwa sababu hakikutungwa kwa mawazo matupu.

Conrad hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa Mpolandi, alizaliwa mwaka 1857 katika nchi iliyokuwa chini ya Warusi (leo ni Ukraine). Baba yake alipinga utawala ule, basi jamaa yote ikahamishwa kwa nguvu mpaka kaskazini ya Urusi, kwenye baridi kali. Mama akafa 1865, baba akafa 1869. Mtoto akabaki yatima na miaka kumi na moja tu. Munaona, mtu huyu alijua toka utoto namna gani inakuwa kutawaliwa na wageni. Baadaye akaenda Marseille akawa baharia, kisha akaingia katika meli za Waingereza. Kiingereza kilikuwa luga yake ya tatu, nyuma ya Kipolandi na Kifaransa, na ndicho alichoandikia vitabu vyake. (Wale wanaolia kila siku kwamba Kifaransa si luga ya mama yao, wasikie.)

Mwaka 1890 kampuni moja ya Brussels ilimwandika kazi ya miaka mitatu, aendeshe mashua za moshi juu ya mto Kongo. Kapiteni mmoja aliuawa katika ugomvi na wenyeji, wakatafuta mtu wa kushika nafasi yake. Conrad alifika Matadi mwezi wa sita. Njia ya gari la moshi ilikuwa ndiyo inaanza kujengwa, basi akaenda kwa miguu pamoja na wapagazi, zaidi ya kilometa 350, kutoka Matadi mpaka Kinshasa. Aliondoka tarehe 28 mwezi wa sita, akafika tarehe 2 mwezi wa nane. Njiani alishika daftari ndogo, na daftari hiyo iko mpaka leo. Aliandika mambo makavu tu: joto, mbu, vilima, maji mabaya. Na maiti. Zaidi ya mara moja aliona mtu amekufa kando ya njia, akaandika, akaendelea. Kitu kimoja kitafurahisha wasomaji wetu: alipita katika misioni ya Waprotestanti pale Sutili, na alisifu usafi wake kuliko vibanda vilivyobomoka ambamo watu wa Leta na wa kampuni walikubali kulala.

Kufika Kinshasa, mashua aliyoahidiwa ilikuwa imeharibika. Akapandishwa katika mashua nyingine, Roi des Belges, ajifunze mto. Tarehe 1 mwezi wa tisa wakafika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya sasa. Kule walimchukua mfanyakazi mmoja wa kampuni, Mfaransa Georges Antoine Klein, mgonjwa. Alikufa ndani ya mashua wakati wa kurudi. Katika mwandiko wa kwanza wa kitabu, Conrad aliandika jina Klein, halafu akalifuta akaweka Kurtz. Kwa Kijerumani moja ni "mdogo" na lingine ni "mfupi". Conrad mwenyewe alishikwa na homa na kuhara damu, akarudi Ulaya bila kumaliza hata mwaka mmoja. Afya yake haikupona kabisa.

Miaka minane ilipita ndipo akaandika. Habari ilitoka kwanza katika gazeti moja la Uingereza mwaka 1899, kisha katika kitabu mwaka 1902. Ni hii: baharia Marlow anaeleza rafiki zake, jioni, juu ya mto wa London, namna alivyotumwa kumtafuta Kurtz, mkubwa wa posti ya mbali sana, ambaye alileta pembe za tembo kuliko maposti mengine yote pamoja. Kila mtu anamsifu Kurtz. Anajua kuchora, kuimba, kusema. Ameandika ripoti nzuri juu ya namna ya kustaarabisha watu weusi. Lakini Marlow anaona chini ya ukurasa wa mwisho neno lililoongezwa baadaye kwa mkono unaotetemeka: watu wale wamalizwe wote. Na kuzunguka nyumba ya Kurtz kuna miti, na juu ya miti kuna vichwa vya watu. Tusiseme mtunzi alitia chumvi. Mwaka 1895 msafiri mmoja Mwingereza, Glave, aliandika kwamba ofisa Léon Rom pale Stanley Falls alikuwa amepanga vichwa 21 kuzunguka maua mbele ya nyumba yake.

Sasa maana yake ni nini? Walimu wengi wanajibu upesi: giza ni msitu, na msitu ulimharibu mzungu. Mimi nafikiri jibu hilo linaacha ukurasa ulio muhimu kuliko zote. Ndani ya mashua ya Marlow kuna wafanyakazi weusi thelathini, na wazungu watano. Mtunzi anasema wale thelathini wanakula watu. Nyama yao ya kiboko imeoza, wazungu wameitupa mtoni. Mshahara wao ni vipande vitatu vya waya wa shaba kila juma, ambavyo hawawezi kununulia kitu kwa sababu mashua haisimami penye soko. Wana njaa kali. Kwa nini basi hawakuwashika wale watano? Marlow anajiuliza hivyo mwenyewe, naye hapati jibu. Anaona tu kwamba kitu fulani kinawazuia.

Hapo ndipo kitabu kinasimama. Kurtz ana elimu, ana chakula, ana bunduki, na hakuna kitu ndani yake cha kumzuia pale ambapo hakuna jirani wala polisi wa kumwangalia. Wale wenye njaa wamejizuia. Nyumbani Ulaya Kurtz alionekana mwema kwa sababu kila upande kulikuwa na macho ya watu. Basi swali si rangi wala msitu. Ni hili: wema wa mtu unakaa wapi, ndani yake ama katika macho ya wengine? Na Marlow pia hasalimiki. Alisema anachukia uongo kuliko kitu chochote. Lakini kufika Ulaya anaikata sehemu mbaya ya ile ripoti kabla ya kuitoa, na anamwambia mchumba wa Kurtz kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake. Haikuwa hivyo, marehemu alikufa akilia juu ya ubaya aliouona. Uovu wa mbali unasafishwa, watu wa nyumbani wanalala vizuri.

Lakini wanaolalamika nao wasikizwe. Mwaka 1975 mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alisema mbele ya wasomi huko Marekani kwamba Conrad alikuwa na ubaguzi wa rangi mkubwa. Afrika yote imefanywa kuwa pazia la nyuma, ili tuangalie roho ya mzungu mmoja inavyoharibika. Wenyeji wanasema maneno machache sana katika kitabu chote: mmoja anaomba apewe adui amle, na boi mmoja anatangaza kwamba Kurtz amekufa. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina. Hata wale thelathini: Marlow anashangaa kwa nini wamejizuia, lakini hakuna anayefikiri kuwauliza.

Na kuna mtu aliyeuliza. Katika miaka ya 1904 na 1905 tume ya uchunguzi ilipita katika nchi ya mupira, baada ya kelele za konsuli Casement (yeye na Conrad walijuana Matadi mwaka 1890) na za wamisionari wengi Waprotestanti. Wakongo wenyewe wakaja kushuhudia. Mmoja alikuwa Lontulu, chefu wa Bolima. Alileta vijiti 110, akavitandika juu ya meza ya tume kwa mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kijiti kimoja kimoja, akataja jina la kila mtu wa kwao aliyeuawa kwa ajili ya mupira.

Kwa wale watakaokisoma: kitabu ni kifupi, kina sehemu tatu. Ya kwanza inatembea polepole kama ile safari ya miguu, musichoke nayo. Habari ya wenye njaa iko katika sehemu ya pili.