Kuunyima uvimbe chakula bila kumnyima mtoto

Mtoto wa hapa kwetu Kosele akivimba taya, meno yakalegea na uvimbe ukazidi siku hadi siku, apelekwe hospitali upesi. Asing'olewe jino tu akarudishwa nyumbani. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani inayoandama watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama haya yetu ya Ziwa Viktoria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Uvimbe wa saratani hii unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kukua kwa kasi hivyo kunataka malighafi. Ndani ya seli za uvimbe huu jeni ya MYC imehama kutoka mahali pake kwenye kromosomu ya 8, na huko ilikohamia hufanya kazi bila kupumzika. Huilazimisha seli ifyonze glukosi na glutamini kwa pupa, itengeneze DNA mpya mfululizo.

Kwa sababu hiyo wazazi huambiwa wasimpe mtoto uji wenye sukari, ati uvimbe utakufa njaa. Nawasihi msifanye hivyo. Mwili hujitengenezea glukosi wenyewe, hata kwa kuvunja misuli, na uvimbe hujichukulia sehemu yake. Anayekonda ni mtoto, naye akikonda huzistahimili dawa kwa shida.

Kinachofaa ni kuziba hatua moja ya kutengeneza DNA ndani ya seli. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba aminopterini, dawa yenye umbo kama la foleti, ile vitamini ya mboga za majani, iliituliza leukemia ya watoto kwa muda. Methotreksati, ya jamii hiyohiyo, hukinasa kimeng'enya kinachoiandaa foleti kwa kazi. Seli ikikosa foleti iliyoandaliwa haiwezi kuunda DNA, na inayogawanyika upesi ndiyo huumia kwanza. Vidonda vya mdomoni wakati wa matibabu hutokana na hilohilo, kwani seli za mdomo nazo hugawanyika upesi.

Si kila dawa ya namna hii hufaulu. Telaglenastati, inayozuia matumizi ya glutamini, haikuwaongezea nafuu wagonjwa wa saratani ya figo ilipojaribiwa. Methotreksati, ikichanganywa na dawa kama saiklofosfamidi, bado inatibu Burkitt.

Basi mtoto anayetumia methotreksati asipewe vidonge vya asidi foliki, yaani foleti, vile wanavyopewa wajawazito na wenye selimundu, mpaka daktari aseme. Mboga za osuga na dek zilizoiva vizuri aendelee kula, na uji wake anywe.