Seli Kama Kiwanda: Uhandisi wa Seli za Mamalia na Mwani Hadubini kwa Mtazamo wa Rusizi

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi, yenye mji wa Cyangugu, inapakana na Bukavu, na kila siku watu huvuka mpaka kwa biashara, masomo na matibabu. Kwa sababu hiyo, mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kufika Kivu Kusini Agosti 2019, haukuwa habari ya mbali kwa wakazi wake. Desemba 2019 Rwanda ilizindua mpango wa chanjo wa UMURINZI, yaani "mlinzi" kwa Kinyarwanda, uliolenga wilaya za mpakani za Rubavu na Rusizi. Kwa jumla, zaidi ya watu 200,000 walichanjwa. Lisilozungumzwa sana ni kwamba dozi ya kwanza ya chanjo hiyo ilikuzwa ndani ya seli za binadamu zilizobadilishwa kijeni. Makala haya yanaeleza utendaji wa seli za aina hiyo, yanazilinganisha na mwani hadubini, na kuonyesha kwamba uchaguzi wa seli ni suala la sera, si la maabara peke yake.

Seli za mamalia

Dozi ya kwanza ya UMURINZI, Ad26.ZEBOV, ni adenovirusi iliyobebeshwa jeni ya protini ya juu ya kirusi cha Ebola. Adenovirusi hiyo imeondolewa jeni za E1, ambazo bila hizo haiwezi kuzaliana mwilini mwa anayechanjwa. Hapo ndipo linapozuka swali la uzalishaji: kirusi kisichozaliana kitaongezwaje kiwandani? Jibu ni seli za PER.C6, zilizotengenezwa Leiden, Uholanzi, kutokana na retina ya kijusi cha binadamu, kisha zikapandikizwa jeni zilezile za E1. Ndani ya seli hizo kirusi hupata kile kinachokikosa ili kizaliane. Nje yake hukwama. Usalama wa chanjo na uwezo wa kuizalisha kwa wingi vimo katika hatua moja ya uhandisi. Dozi ya pili, iliyotolewa siku 56 baadaye, ilitumia kirusi kingine kinachokuzwa katika seli za kiinitete cha kuku. Nayo rVSV-ZEBOV, iliyotumika sana upande wa Congo, hukuzwa katika seli za Vero, zilizotolewa kwenye figo la tumbiri wa Afrika nchini Japani mwaka 1962.

Kwa dawa za protini, seli inayotegemewa zaidi ni ile ya ovari ya hamsta wa China, iliyotengwa mwaka 1957. Dawa yake ya kwanza, ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ubora wake ni kuzikunja protini na kuzipachika sukari kwa namna inayokaribia ya mwili wa binadamu. Gharama yake ni lishe ghali, matangi yasiyoruhusu hata bakteria mmoja kuingia, na umeme usiokatika.

Mwani hadubini

Mwani hadubini hujitengenezea chakula kwa mwanga, kaboni dayoksaidi na chumvi chache. Chlamydomonas reinhardtii, kwa mfano, huweza kupandikizwa jeni ngeni katika kloroplasti. Hata hivyo, kloroplasti haipachiki sukari kwenye protini kama zifanyavyo seli za mamalia. Hivyo haifai kwa kila dawa.

Spirulina, ambayo kwa uainishaji ni sianobakteria ingawa kwa mazoea huhesabiwa pamoja na mwani, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki: katika maziwa ya magadi ya Nakuru na Bogoria ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo. Mwaka 2022 watafiti wa Seattle walichapisha matokeo ya spirulina iliyohandisiwa kuzalisha kingamwili ya kunywewa dhidi ya Campylobacter, bakteria wa kuhara. Bidhaa ya namna hiyo hukaushwa na kumezwa, bila hatua ndefu za usafishaji zinazohitajika kwa dawa ya sindano. Bonde la Bugarama, lenye joto kuliko nyanda za juu za Rwanda, lingestahili kupimwa kwa ukuzaji wa spirulina ya kawaida. Iliyohandisiwa ingehitaji mitambo iliyofungwa.

Athari kwa sera

Kiwanda cha BioNTech kilichozinduliwa Kigali Desemba 2023 ni cha chanjo za mRNA, ambayo huundwa kwa vimeng'enya bila kukuza seli za mamalia. Kwa hiyo hakiwezi kugeuzwa kwa wepesi kuzalisha chanjo iliyofika Rusizi. Kila aina ya seli hudai mitambo, utaalamu na udhibiti wake. Kwa upande wa udhibiti msingi upo: mamlaka ya chakula na dawa ya Rwanda ilifikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani Desemba 2024, na sheria ya usalama wa bayoteknolojia ilipatikana mwaka huohuo. Kinachohitaji uwekezaji wa muda mrefu ni benki za seli, haki za kuzitumia, na wataalamu wa kuzikuza.

Hitimisho

Mipango ya viwanda vya chanjo huanza mara nyingi na jengo. Mfano wa Rusizi unaonyesha kuwa inafaa kuanza na ugonjwa, kisha bidhaa, kisha seli, jengo lifuate. Nchi isiyomiliki seli wala haki ya kuitumia itaendelea kusubiri shehena kutoka ng'ambo, hata ikiwa na matangi yake yenyewe.