Moto wa kifua: si pili-pili peke yake



Kuna jirani yetu mumoja, baba wa watoto watano, mwenye kutumika posti ya usiku katika mugodi wa shaba. Basi inamushusha kwenye barabara saa moja na nusu ya asubuhi. Anaoga. Bibi yake amekwisha kumutengenezea bukari ya kutosha, bitoyo za kukaanga katika mafuta, na pili-pili pembeni. Anakula yote mbio mbio, kiisha anaanguka kitandani. Nani atamulaumu? Mutu ametumika usiku muzima.

Siku moja saa tatu ya asubuhi bibi yake alikuja kugonga kwetu akilia: "Yaya, kuya mbio! Baba Kubwa iko anakufa, roho inamuwaka moto!" Tulimukuta ameketi pembeni ya kitanda, mukono juu ya kifua, jasho kwenye paji la uso. Tulimupeleka hospitali kwa pikipiki. Kule walimufunga nyuzi za mashini ya kupima moyo, wakamutazama mpaka saa nane. Moyo ulikuwa muzima. Munganga akamwambia: "Baba, hii ni asidi ya tumbo inayopanda."

Wenzake wa kazi walicheka sana. "Alé, tulizani unakufa, kumbe ni bukari!" Yeye mwenyewe alisikia haya. Lakini mimi nasema alifanya vizuri, na wewe pia ufanye vile. Maumivu ya kifua yenye kukamata mukono wa kushoto ao taya, yenye jasho na kukosa pumzi, hayangojewi nyumbani. Ni kazi ya hospitali kusema kama ni moyo ao ni tumbo, si kazi ya jirani.

Munganga alimuuliza mambo matatu: Unakula saa ngapi? Unalala saa ngapi? Unawaza nini? Kwa yale mawili ya kwanza alijibu. Kwa lile la tatu alinyamaza.

Wewe mwenye kuishi katika miji yetu ya migodi, asidi unaijua. Kule Shituru katika Likasi na kule Luilu katika Kolwezi, shaba ilitolewa ndani ya mawe kwa nguvu ya asidi ya sulfuriki, na baba zetu walirudi nyumbani na nguo zenye matundu. Basi, tumbo lako pia ni kiwanda. Linatengeneza asidi yake, ya kloridriki, kali sana, ili kuvunja chakula na kuua mikrobi. Tangi yenyewe imetandikwa vizuri ndani, asidi haiili. Lakini bomba inayoshusha chakula kutoka kinywani, yenye urefu wa santimeta 25 hivi, haikutandikwa namna ile. Kati ya bomba na tangi kuna mulango wa nyama wenye kujifunga. Fundi wa kiwanda angesema vane. Kama mulango ule unafunguka saa isiyo yake, asidi inapanda, na bomba inaungua. Njo ile moto unayosikia katikati ya kifua, na maji machungu yanayokuja mpaka kooni. Kwa Kiswahili cha vitabu wanasema kiungulia.

Nini inafungua ule mulango? Kwanza tumbo lenye kujaa sana. Kiisha kulala na tumbo lile lile, kwa sababu ukisimama uzito wa chakula unabaki chini, lakini ukilala yote inalingana, na asidi inapata njia. Mafuta mengi yanakawisha chakula ndani ya tumbo. Sigara inalegeza mulango, pombe pia. Mukaba wenye kukazwa na tumbo lenye kunenepa vinasukuma kutoka chini. Mama mwenye mimba anajua jambo hili kuliko sisi wote: mutoto anasukuma kutoka chini, na dawa za mwili wake mwenyewe zinalegeza mulango. Tena mutu mwenye kuinama na kubeba mifuko mara baada ya kula, kama vijana wetu wachimbaji, wenye kushinda na njaa mpaka jioni, kiisha wanakunywa lutuku juu ya tumbo tupu. Vijana, munisamehe, lakini lutuku juu ya tumbo tupu ni kumwaga petroli juu ya makala.

Pili-pili? Ndiyo, kuna watu inawaunguza. Wengine ni tomati, ao kahawa, ao kitunguu. Lakini nimeona mama akikataza pili-pili katika nyumba yote, na bwana yake akiendelea kula sahani mbili za bukari saa ine ya usiku na kulala saa ine na nusu. Ile haisaidii kitu. Usijikataze vyakula vyote kwa mara moja. Twaa daftari ya mutoto yenye kubakia kurasa, uandike kwa juma mbili: nimekula nini, saa ngapi, moto umekuja saa ngapi. Utaona mwenyewe kinachokuumiza wewe.

Sasa turudi kwa ulizo la tatu, lile jirani yetu hakujibu.

Katika mwaka 1822, katika Marekani, kijana mumoja jina lake Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya, karibu sana, na tumbo likatoboka. Alipona, lakini tundu halikufungika. Munganga wa jeshi William Beaumont aliona kwamba anaweza kutazama ndani ya tumbo la mutu muzima! Alifunga vipande vya nyama kwenye uzi wa hariri, akavitia katika tundu, akavitoa tena kuona vimeyeyuka namna gani. Alifanya vile kwa miaka mingi, akaandika kitabu mwaka 1833. Na jambo moja lililomushangaza ni hili: Alexis akikasirika, kazi ya tumbo ilibadilika papo hapo. (Na kusema kweli, alikuwa na haki ya kukasirika. Nani angependa kufungwa nyama kwenye uzi kila siku? Lakini aliishi mpaka mwaka 1880.)

Kwa hiyo tumbo na mawazo vinasikilizana. Lakini tuseme vizuri, sababu hapa watu wanachanganya. Zamani walisema vidonda vya tumbo vinatoka kwa mawazo. Mwaka 1982, wanganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua mikrobi yenye kuishi ndani ya tumbo, Helicobacter pylori. Watu hawakuwasadiki, na mwaka 1984 Marshall alikunywa mikrobi ile mwenyewe ili aonyeshe, akagonjwa tumbo. Mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel. Mikrobi ile iko kwa watu wengi sana katika Afrika yetu. Ukiwa na kidonda kinacholetwa nayo, kutuliza mawazo peke yake hakutakiponya. Unahitaji dawa za kuua mikrobi, na munganga njo mwenye kuziandika.

Moto wa kifua ni jambo lingine. Hapa mawazo yanafanya kazi kwa njia ingine. Si lazima yaongeze asidi. Yanafanya bomba isikie zaidi. Asidi ile ile kidogo ambayo ungepita nayo bila kujua siku ya furaha, siku ya mashaka unaisikia kama makala ya moto. Kukosa usingizi kunafanya vile vile. Tena mutu mwenye mawazo anakula mbio, anavuta sigara ya tatu, anaongeza chupa ya bia, analala vibaya. Usiku unaofuata asidi inamuamsha, kesho anawaza pia juu ya ugonjwa. Inazunguka kama gurudumu.

Jirani yetu alikuwa na nini? Nilikuja kujua kwa pole pole. Mukataba wake ni wa miezi tatu tatu. Kila mara miezi tatu ikikaribia kwisha, hajui kama watamuandika tena. Minervali ya mutoto mukubwa katika sekondari ilikuwa haijalipwa, na deni ya duka bibi yake hakuijua yote. Mambo yale alikuwa akiyabeba peke yake, na aliyameza pamoja na bukari.

Siwezi kukuambia "usiwaze". Mutu mwenye kusema vile hajaona mwisho wa mwezi. Mukataba hautaongezeka kwa kupumua vizuri. Lakini kuna mambo yaliyo katika mikono yako.

La kwanza ni kupumua. Usicheke. Nyama nyembamba inayotenga kifua na tumbo inapita pale pale kwenye ule mulango tuliosema, na inasaidia kuufunga. Mutu anayejifunza kupumua kwa tumbo anaitia ile nyama nguvu, na wanganga waliopima wagonjwa wameona kwamba inawasaidia wengi. Vijana wa kwaya, ninyi munajua tayari. Mwalimu anawaambia kila juma mujaze tumbo, musiinue mabega. Basi mufundishe baba na mama. Keti vizuri, mukono mumoja juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua pole pole mpaka mukono uinuke, kiisha itoe kwa kinywa pole pole zaidi. Dakika tano ao kumi, kabla ya kula na kabla ya kulala, si mara baada ya kula. Roho yenyewe inatulia.

La pili, ondoeni mashauri ya feza kwenye meza. Kuna nyumba ambamo deni, minervali na makosa ya watoto vinangoja baba ashike tonge la kwanza njo vitoke. Mama, ngoja. Na wewe baba, usifanye hiyo kuwa njia ya kukimbia. Chagueni siku, tuseme posho mbili jioni, muketi na karatasi, muandike deni zote, hata ile uliyoficha. Jirani yetu alifanya vile. Bibi yake alikasirika siku tatu, kiisha akaenda mwenyewe kwa mwenye duka kuomba kulipa kidogo kidogo. Deni haikwisha. Lakini baba alilala.

Kwa watu wa posti ya usiku, saa ndiyo vita kubwa. Kati ya kula na kulala kunapaswa kupita saa mbili ao tatu. Najua, mutu wa posti hana saa tatu. Basi geuza: kula chakula kikubwa mbele ya kwenda kazini, beba kidogo cha katikati ya usiku, na asubuhi ukifika, kula chepesi, uji ao ndizi, ulale. Bukari ingoje ukiamuka. Mama wa nyumba atasema ni kumunyima bwana chakula. Elezeni majirani kama wanauliza. Na ninyi wa kwaya, mwenye kurudi mazoezi saa tatu ya usiku asile sahani ya mutu mwenye kulima.

Kwa kitanda, mito mingi haisaidii, inakunja tumbo tu. Tia matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwa, santimeta 15 mpaka 20, mwili wote uteremuke kidogo. Lalia upande wa kushoto, kwani tumbo liko kushoto na asidi inabaki chini ya mulango. Na mwenye kunenepa, hata kilo chache zikipungua atasikia tofauti.

Neno moja juu ya dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ambazo wachimbaji wanazimeza kama bonboni kwa maumivu ya mugongo, zinaumiza tumbo. Doksisiklini ikimezwa na funda moja la maji na mutu akalala, inaweza kubaki katika bomba na kuiunguza. Kunywa kopo nzima, ubaki umesimama ao umeketi nusu saa. Bikarboneti inatuliza kidogo, lakini ina chumvi, na mwenye tansiyo asiizoee. Maziwa pia yanatuliza, kiisha tumbo linatoa asidi ingine. Omeprazoli ni dawa nzuri, inamezwa nusu saa mbele ya kula, lakini usiimeze miezi na miezi kwa shauri la muuzaji wa barabara.

Na usingoje mambo haya yote kama chakula kinakwama ukimeza, kama unakonda bila sababu, kama unatapika damu ao kitu chenye rangi ya kahawa, ao choo kinakuwa cheusi kama lami. Enda hospitali siku ile ile.

Juzi nilipita kwa jirani yetu. Mukataba wameuandika tena, kwa miezi tatu. Matofali mane yako chini ya kitanda, mawili kila mguu. Nikamuuliza bibi yake kama baba analala sasa. "Yeye analala," akasema. "Ni mimi njo nateremukaka usiku muzima mpaka ku miguu. Asubuhi naamuka na kichwa kwenye tumbo yake!"